Tabianchi si kazi ya Nairobi peke yake

Ukizungumzia mabadiliko ya tabianchi, wengi watakwambia hayo ni mambo ya wakubwa: serikali kuu, mikutano ya ng'ambo, suti na tai. Kaunti, wanasema, kazi yake ni kupanda miche siku ya sherehe na kupiga picha. Dhana hii ni ya siku nyingi, lakini si sahihi.

Kaunti ya Makueni, nchini Kenya, ilitunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi mwaka 2015, ikatenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ikafuata mwaka 2016, kwa asilimia 2. Miradi hupendekezwa na kamati za wadi, yaani watu wanaojua kisima kipi hukauka kwanza.

Chukua mfano wa bwawa la mchanga, ambalo Ukambani, iliko Makueni, wanalijua vizuri. Ukuta wa zege hujengwa kuvuka mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, mbali na jua kali. Mgeni akipita atadhani bwawa limeharibika, maana haoni hata tone. Mwenyeji huchimba kidogo tu, akachota. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2015 Makueni ilitunga pia sheria ya kudhibiti uchotaji wa mchanga mitoni: lori likishaondoka na mchanga, limeondoka na maji.

Miti nayo ipandwe, hakuna ubaya. Ila mche usiomwagiliwa hufa kabla picha haijasahaulika.