Je, wajua kwa nini grafu ya bei ya korosho hutisha kuliko bei yenyewe?

Tuseme minada mitatu ya korosho Tandahimba imetoa shilingi 4,100 kwa kilo, kisha 4,000, kisha 3,950. (Bei za mfano tu, msije mkadai malipo.) Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anaziingiza kwenye Excel, anachora grafu ya nguzo na kuibandika ukutani. Wakulima wanaguna: nguzo ya tatu haifiki hata nusu ya ile ya kwanza! Ilhali bei imeshuka shilingi 150, chini ya asilimia 4.

Karani hajadanganya. Excel ndiyo iliyozikata nguzo miguu. Ikiachiwa yenyewe, hupima pengo kati ya namba kubwa na ndogo. Pengo likiwa dogo kuliko moja ya sita ya ile kubwa, mhimili wima hauanzii sifuri. Hapa utaanzia 3,850 hivi, na kinachobaki machoni ni vichwa vya nguzo. Grafu ya mstari naisamehe, maana humo jicho hufuata mteremko. Kwenye nguzo jicho hulinganisha urefu, kwa hiyo sifuri ni lazima.

Kwa mkono unaweza: bofya mhimili mara mbili, andika 0 kwenye kisanduku cha kima cha chini. Ila msimu ukishaanza Oktoba na grafu zikiwa ishirini, vidole vitachoka. Tena kisanduku kile hakikubali kuunganishwa na seli. Hapo ndipo makro inapofaa, maelekezo yanayoandikwa kwa VBA, lugha iliyomo ndani ya Excel tangu 1993. Chagua grafu, kisha endesha mstari huu:

ActiveChart.Axes(xlValue).MinimumScale = 0

Badala ya 0 ukiandika Range("B1").Value, makro itasoma kikomo kwenye seli hiyo. MajorUnit hupanga hatua kati ya namba na namba, na TickLabels.NumberFormat = "#,##0" huweka koma za maelfu.

Kilele, yaani MaximumScale, mimi sikifungi. Ukikifunga kwenye 4,500 na mnada ukatoa 4,800, nguzo hukatwa juu kimya kimya, na mkulima ananyimwa kuiona siku yake njema.

Hifadhi faili kama .xlsm. Kwenye .xlsx makro huachwa nje, na grafu mpya ya mnada ujao itatoka bila miguu tena.