Moreli: uyoga mmoja au spishi nyingi?

Moreli ni jina la uyoga wa porini wa jenasi ya Morchella, unaoota mwanzoni mwa joto baada ya miezi ya baridi, hasa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Kichwa chake kimejaa vishimo kama sega la nyuki. Ukiupasua kwa urefu, ndani ni uwazi mtupu kutoka kichwani hadi chini ya shina.

Vishimo hivyo ndivyo vinavyofanya kazi yenyewe ya uyoga. Vimetandazwa vijifuko virefu visivyoonekana kwa macho, na kwa kawaida kila kimoja hubeba spora 8, yaani chembe ndogo mno za kuzalia. Zikikomaa, maji hubana ndani ya kifuko mpaka kinafyatua spora hewani, upepo ukazichukua. Kadiri vishimo vinavyozidi, ndivyo nafasi ya kuzalisha spora inavyoongezeka. Nasi tunachokiona ni tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzi zilizotapakaa udongoni, na huweza kujikusanya kuwa vibonge vigumu vyenye akiba ya chakula.

Kwa muda mrefu watu waligawa moreli kwa rangi: za njano na nyeusi. Mwanasayansi wa Uswidi, Linnaeus, aliupa uyoga huu jina la kisayansi mwaka 1753. Lakini rangi hubadilika kwa umri, unyevu na mwanga, kwa hiyo ni shahidi dhaifu. Uchunguzi wa DNA umefichua makumi ya spishi katika koo tatu, nyingi zikifanana mno kwa macho na nyingine zikiishi bara moja tu. Mwaka 2012 pekee, spishi 14 za Amerika Kaskazini zilipewa majina mapya.

Tabia nazo zinatofautiana, na kwangu hili ndilo la kustaajabisha zaidi. Zipo zinazofurika kwenye misitu ya misonobari msimu unaofuata moto. Morchella rufobrunnea, inayogeuka wekundu ikiguswa, hupenda bustani na vipande vya mbao. Ndiyo iliyokuja kutambuliwa kuwa spishi aliyoiotesha mtafiti Ronald Ower ndani ya nyumba mwaka 1982.

Tafadhali usiile mbichi wala isiyoiva vizuri. Mwaka 2023 huko Montana, Marekani, watu 51 waliugua na wawili kati yao wakafariki baada ya mlo wa moreli mgahawani. Jihadhari pia na Gyromitra, uyoga mwingine unaofanana na moreli: kichwa chake kina mikunjo kama ya ubongo badala ya vishimo, na sumu yake huharibu ini.