Baiskeli ya Mtandaoni Nyumbani kwa Gharama Nafuu: Feni Kwanza, Stendi ya Kisasa Baadaye

Wanaotaka kuendesha baiskeli ndani ya nyumba, huku mhusika wao akipita katika barabara za kwenye skrini, huniuliza kwanza wanunue stendi gani ya kisasa, yaani kifaa cha kuishikilia baiskeli ili uikanyage bila kusonga mbele. Mimi ni fundi na kocha wa baiskeli, na jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi: ikiwa una baiskeli nzima na simu au kompyuta, anza na stendi ya kawaida ya rola, sensa ya mwendo na feni kubwa.

Stendi ya kisasa hupima nguvu yako yenyewe na kuzifanya pedali ziwe nzito kila mlima unapotokea. Stendi ya kawaida haijui habari za mlima. Ina rola inayoegemea tairi la nyuma, na rola hiyo huzuiwa na sumaku au na mafuta mazito yaliyofungiwa ndani. Hata hivyo, kila aina ya stendi ina uhusiano wake kati ya kasi ya gurudumu na nguvu inayohitajika kulizungusha, na programu ya kuendesha baiskeli mtandaoni kama Zwift inaufahamu uhusiano huo kwa stendi nyingi. Sensa ndogo ikifungwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma huipa programu kasi, nayo programu hukadiria wati unazotoa. Mlimani mhusika wako atapunguza mwendo ingawa miguu yako haitahisi tofauti. Ukitaka kuuhisi mlima, weka gia nzito na ukanyage.

Makadirio haya huharibika kwa urahisi, na ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wawe waangalifu hapa kuliko mahali pengine popote. Tairi lenye upepo pungufu hubonyea chini ya rola na kumeza sehemu ya nguvu yako, lakini programu, kwa kuwa inaona kasi peke yake, itakuhesabia wati chache kuliko unazostahili. Rola iliyolegea hufanya kinyume: tairi huteleza, gurudumu huenda kasi bila kazi, na skrini hukusifu bure. Kwa hiyo jaza upepo kwa kipimo kilekile kabla ya kila zoezi, kaza kitasa cha rola kwa mizunguko ileile tangu kinapogusa tairi, na uandike vipimo vyote viwili ukutani. Iwapo programu inauliza mzingo wa gurudumu, tairi lililoandikwa kipimo cha 700 kwa 25 lina takriban milimita 2105. Kisha endesha dakika 10 kabla ya kuziamini namba, kwa sababu tairi na mafuta hupata joto na ugumu wa kuizungusha rola hubadilika. Wati 180 za skrini huenda kwa kweli zikawa 165. Haidhuru, mradi kosa la wiki hii liwe sawa na la wiki ijayo, kwani mazoezi hujengwa juu ya ulinganisho.

Feni wengi huiona kama anasa. Mwili hupeleka kwenye pedali takriban asilimia 20 hadi 25 tu ya nishati unayoitumia, na iliyobaki huwa joto. Anayetoa wati 150 huzalisha joto la wati 450 au zaidi. Barabarani upepo hulichukua joto hilo, lakini chumbani hakuna upepo, hivyo mapigo ya moyo hupanda ingawa kazi ni ileile. Elekeza feni kifuani, na utandike taulo juu ya usukani na fremu. Nimetoa skrubu za usukani zilizoliwa na chumvi ya jasho hadi zikakatikia ndani.

Kabla ya kununua stendi, hakikisha inaikubali ekseli ya baiskeli yako, na weka tairi laini nyuma, kwa maana tairi la meno hupiga kelele na kutetemeka. Kama programu haiioni sensa ya Bluetooth, tazama kwanza kama simu nyingine ndani ya nyumba imeshaikamata. Kuhusu ada, Zwift hulipiwa kila mwezi na MyWhoosh haitozi; lakini usichague kwa bei kabla ya kuthibitisha kwamba programu inakubali sensa ya mwendo pekee.

Nguvu ya kukadiriwa ina mpaka wake, nao ni mashindano, kwa kuwa waandaaji wengi hawahesabu matokeo yake. Mwanafunzi akifika hapo, ndipo namshauri aongeze fedha, na mara nyingi humwelekeza kwenye pedali zenye kipima nguvu, ambazo atatoka nazo hadi barabarani.