Mbwa Mdogo Anapopata Shida ya Kupumua: Maswali na Majibu

Matatizo ya pumzi kwa mbwa wadogo hufanana sana masikioni mwa mfugaji: kukohoa, kukoroma, kutweta, kukabwa. Lakini chanzo kinaweza kuwa puani, kooni, mapafuni au hata moyoni, na dawa inayofaa kwa kimoja huenda isisaidie kingine hata kidogo. Kwa hiyo kwanza ijulikane hewa inakwama wapi, ndipo dawa ifuate.

Mbwa wangu husimama ghafla, hunyoosha shingo na kuvuta hewa kwa nguvu puani huku akikoroma. Baada ya muda mfupi anaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Je, anakabwa?

Kwa maelezo hayo, huenda ni chafya ya kinyume: badala ya kutoa hewa kwa kishindo kama tunavyopiga chafya sisi, mbwa huivuta ndani kwa kishindo. Viwiko hutanuka, macho hutoka, na anayeiona kwa mara ya kwanza hupatwa na hofu kubwa. Hutokana na mwasho nyuma ya pua, karibu na kaakaa laini. Vumbi, manukato na msisimko huweza kuuchochea. Hupita yenyewe. Usimtie kidole mdomoni, maana hakuna cha kutoa, na utaumwa bure. Mkande koo taratibu, mtulize, ngoja. Ila ikianza ukubwani kwa mbwa ambaye hakuwa nayo, ikawa ya kila siku, au ukaona damu au usaha ukitoka puani, apelekwe kwa daktari wa mifugo akachunguzwe pua.

Na kikohozi kikavu kinacholia kama bata bukini, hasa akifurahi au akivutwa kwa kamba?

Hapo hushukiwa kulegea kwa trakea, yaani bomba la hewa linaloshuka kutoka kooni hadi mapafuni. Bomba hili hushikiliwa wazi na pingili za gegedu (mfupa laini kama wa sikioni) zenye umbo la herufi C, na upande wa juu, kuelekea mgongoni, uwazi huo hufungwa na utando laini. Kwa baadhi ya mbwa wadogo gegedu hupoteza ugumu wake, pingili hubonyea, na utando huning'inia ndani ya njia ya hewa. Kila kikohozi huwasha utando zaidi, na mwasho huleta kikohozi kingine. Yorkshire terrier, Pomeranian na Chihuahua ndio wanaojulikana zaidi kwa tatizo hili, mara nyingi wakiwa na umri wa kati au wazee, na unene huwazidishia.

Hata hivyo, mlio huo hautoshi kuthibitisha ugonjwa. Mkamba sugu (uvimbe wa muda mrefu wa njia za hewa za mapafuni), kikohozi cha kuambukizana kinachoenea panapokusanyika mbwa wengi, na minyoo ya moyo inayoenezwa na mbu, vyote huleta kikohozi.

Mbwa wangu ana uso bapa na hukoroma tangu utotoni. Si ndivyo alivyoumbwa?

Ameumbwa hivyo, ni kweli, lakini haina maana kwamba hateseki. Naomba sana wenye pug, French bulldog, Pekingese na Shih Tzu wasikubali kuambiwa kwamba kukoroma ni kawaida yao na hadithi ikaishia hapo. Mtazame puani akiwa ametulia: je, matundu ni mapana, au ni mistari miwili tu inayojifunga kila anapovuta hewa? Fuvu lilifupishwa kwa uzalishaji wa kuchagua, lakini nyama za ndani hazikufupika kwa kiasi hicho, hivyo kaakaa laini hurefuka hadi kuziba mlango wa koromeo. Mbwa wa namna hii huweza kulala ameketi, au ameegemeza kidevu juu ya kitu ili njia ibaki wazi, na huweza kutapika povu baada ya kula. Upasuaji wa kupanua matundu ya pua na kufupisha kaakaa upo, na hufaa zaidi ukifanywa mapema, kabla koromeo halijachoka kwa miaka ya kuvuta hewa kwa nguvu.

Joto ni hatari kwao kuliko wengine. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kutweta. Asiyeweza kutweta vizuri hupandwa na joto haraka mno.

Nitajuaje kama tatizo ni la moyo?

Peke yako hutajua, lakini kuna kipimo kimoja cha nyumbani chenye thamani kubwa. Mbwa akiwa amelala usingizi mzito, hesabu kifua kinavyopanda na kushuka: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, uandike. Mbwa mwenye afya kwa kawaida hubaki chini ya pumzi 30 kwa dakika akiwa usingizini. Ikizidi hapo, rudia baada ya muda akiwa bado amelala. Ikibaki juu, mpigie daktari, kwa sababu huenda maji yameanza kujaa mapafuni.

Ugonjwa wa moyo unaowapata zaidi mbwa wadogo ni wa vali ya mitral, mlango wa damu kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ambayo hunenepa na kuvujisha damu kurudi nyuma. Daktari huisikia kama mvumo kwa stetoskopu, pengine miaka mingi kabla mbwa hajaonyesha dalili. Hapa ndipo wengi hupotezwa: mbwa ana mvumo, mbwa anakohoa, basi anaanzishiwa dawa za moyo. Mbwa mmoja anaweza kuwa na vali inayovuja pamoja na trakea iliyolegea, na kikohozi kikatoka kwenye trakea. Uliza: "Kikohozi hiki kinatoka moyoni au kwenye njia ya hewa, na tunajuaje?" Hilo ni swali la haki, na daktari mzuri hatachukizwa nalo.

Daktari atafanya uchunguzi gani?

Ataanza kwa kusikiliza na kuuliza, na hapo video ya simu ni msaada mkubwa, kwani mbwa wengi hukataa kukohoa wakiwa mbele ya daktari. Rekodi mwili mzima ukionekana ubavuni, sauti ikisikika, kisha mweleze kilichotangulia: kula, kunywa, kukimbia, au usiku.

Eksirei ya kifua na shingo hufuata mara nyingi. Huonyesha ukubwa wa moyo na hali ya mapafu, lakini ni picha ya nukta moja ya wakati. Trakea ya shingoni hubonyea wakati wa kuvuta hewa, ya kifuani wakati wa kutoa. Picha ikipigwa wakati usiofaa, trakea itaonekana nzima. Kwa hiyo eksirei safi haikanushi tatizo. Eksirei ya mwendo, au kamera nyembamba inayoingizwa kwenye njia ya hewa mbwa akiwa chini ya nusukaputi, huona zaidi. Moyo huchunguzwa kwa ultrasaundi.

Akifika anahangaika kupumua, apewe oksijeni kwanza na aachwe atulie. Kumlaza kwa nguvu ili apigwe picha kunaweza kumuua.

Ni wakati gani nisingoje hata kesho?

Fizi au ulimi ukigeuka bluu au kijivu; tumbo likisukuma kwa nguvu kila pumzi; akikataa kulala chini, akabaki amesimama viwiko vikiwa vimetanuka; akizimia.

Nimpe dawa yangu ya kikohozi kwa sasa?

Hapana. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumdhuru vibaya, na baadhi ya dawa za maji za kikohozi zina xylitol, sukari mbadala inayoangusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla.

Akishagunduliwa trakea imelegea, ataishi vipi?

Wengi huishi vizuri bila upasuaji. Kupunguza uzito huwasaidia wengi zaidi kuliko mfugaji anavyotarajia. Ondoa ukosi wa shingoni, umfungie mkanda wa kifuani. Asivutishwe moshi wa sigara. Daktari ataongeza dawa ya kutuliza kikohozi na pengine ya kupunguza uvimbe. Kwa wachache ambao dawa zimeshindwa, huwekwa kibomba cha wavu wa chuma ndani ya trakea. Huokoa pumzi, lakini kikohozi huweza kubaki na kibomba huweza kuvunjika, kwa hiyo jadili hayo yote kabla ya kukubali.