Mtoto mchanga analala tu, hataki ziwa: usingoje arobaini

Maswali haya nayasikia kila wiki kliniki huku Kisauni, kwa kina mama na kwa kina nyanya, nayajibu yote hapa.

Uchanga ni mpaka lini?
Siku 28 za mwanzo. Muda mfupi lakini ndio wa hatari, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha Kenya kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hawaumalizi huo mwezi.

Sista, wangu ana siku tano, analala tu, halii, ziwa hata hashughuliki nalo. Si ni mpole?
La. Mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 usiku na mchana, sasa huyu kanyonya mara mbili tangu jana na ukimwamsha analegea, huyo si mpole, ni mgonjwa. Maambukizi yakishamwingia mwilini mara nyingi halii, ananyamaza. Mlete leo. Si kesho asubuhi, leo.

Lakini hajatimiza arobaini, atatolewaje nje?
Hili ndilo linalonichosha jamani. Arobaini ni desturi yetu nzuri, mzazi apumzike, akandwe, anywe uji wake wa pilipili manga, hakuna anayeipinga. Lakini mtoto akikataa ziwa ni hospitali, awe wa siku mbili au thelathini na tisa. Mfunike vizuri, ita tuktuk, ikiwa ni saa nane usiku njoo saa nane usiku.

Amekakamaa na macho yamegeuka, nyanyake anasema ni nyuni, yule ndege wa pepo.
Nyanya namheshimu, ila hiyo ni degedege, yaweza kuwa maambukizi, sukari kushuka, au alichoka, yaani alikosa hewa, wakati wa kuzaliwa. Hirizi mkitaka mfungeni mkiwa njiani. Hospitali kwanza!

Ana manjano, tumuanike jua la asubuhi?
Manjano kidogo siku ya tatu huwapata wengi na huisha. Ikitokea siku ya kwanza, au ikafika viganjani na kwenye nyayo, jua halitibu, anataka taa maalum ya hospitali, na ukichelewa inaharibu ubongo na masikio na hairudi nyuma.

Kitovu tupake nini?
Ile jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua viini, ukipewa, la sivyo kiache kikavu. Jivu, poda, mate, wanja, vyote acha. Kikiwa chekundu pembeni au kinatoa usaha, mlete.

Joto la Mombasa hili, maji kidogo je?
Hapana. Wala graipu wota, wala maji ya sukari. Ziwa tu mpaka miezi 6, na yale maziwa mazito ya kwanza msiyakamue mkayamwaga!

Dalili zingine?
Joto la 37.5 kwenda juu, au mwili baridi, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea akivuta pumzi. Msimpe dawa ya homa mkakaa kungoja ishuke, homa ya mchanga haitibiwi nyumbani. Njooni na kijitabu cha mama na mtoto, kikiwa kimepotea njooni bila.