Mofa, Anjera na Muhogo: Staftahi za Majirani wa Lamu

Kila ninapoanza kufundisha upishi wa asubuhi hapa Amu, yaani Lamu, hakosi mtu wa kuniuliza ni chakula kipi kilicho chetu na kipi cha kuazima. Swali hilo halijibiki kwa kutazama majina, maana majina husafiri kuliko mapishi. Mimi hutazama mambo mawili: unga umeumuliwa vipi, na mafuta yametoka mtini au kwa mnyama.

Tuchukue mahamri na mbaazi, ambayo mgeni akishuka gatini huambiwa ndiyo staftahi ya asili. Jina la mahamri lina shina moja na hamira, neno tulilolipata kwa Waarabu. Unga wa ngano hukandwa kwa tui, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukasukumwa na kukatwa vipande ambavyo hufura katika mafuta ya moto, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya donge hugeuka mvuke na kutenga ngozi ya juu na ya chini. Donge likiwa nene mno, mvuke hushindwa kulifungua na hamri hutoka limejaa kama andazi la kawaida. Lakini ngano haipatani na joto la pwani. Ile ya Kenya hulimwa nyanda za juu, kama Narok na Uasin Gishu. Kwa hiyo kilicho cha hapa hasa katika sinia hiyo ni nazi, na ngano ni mgeni tuliyemzoea.

Mbaazi zilizokauka hulowekwa usiku kucha, huchemshwa hadi ziive, ndipo hutiwa tui jepesi, na tui zito huja mwisho kabisa. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na likichemka kwa nguvu kwa muda mrefu hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Niliwahi kutia yote mawili kwa pamoja kwa ajili ya haraka, na wageni wangu wakala kwa adabu tu.

Mkate wa mofa ni habari nyingine. Huu ni wa unga wa mtama, nao hubandikwa kwenye kuta za tanuri ya udongo. Ng'ambo ya mpaka, watu wa Mogadishu na Barawa wana mkate wao uitwao muufo, nao pia huokwa katika tanuri ya udongo. Mkate huo mimi huuhesabu kuwa wa pwani nzima, na kumtafuta mwenyewe ni kujichosha bure.

Ufanano mkubwa zaidi, ambao wengi hawautambui, uko kati ya vibibi vyetu na anjera ya Wasomali. Vyote viwili ni rojo lililoachwa likaumuka, likamiminwa juu ya chuma cha moto na kuiva bila kugeuzwa, ndiyo maana uso wa juu hujaa vitundu. (Anjera hiyo isichanganywe na injera ya Ethiopia, ambayo ni ya nafaka ndogo iitwayo teff, pana zaidi na yenye ukali wa chachu ya siku kadhaa.) Tofauti iko kwenye mafuta. Vibibi ni mchele uliolowekwa na kusagwa, nazi ikiwa imo ndani ya rojo lenyewe. Anjera hupikwa bila nazi, kisha hupakwa samli au mafuta ya ufuta na kunyunyiziwa sukari, au huliwa kwa ini lililokaangwa. Wafugaji wa nchi kavu isiyoota minazi wangepata wapi tui?

Huko Malindi, Wagiriama mara nyingi hawaumui kitu asubuhi: ni uji wa mahindi, au muhogo wa kuchemsha. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, kwa hiyo humenywa, hulowekwa na kupikwa vizuri, na hiyo ni kazi ya ustadi isiyopungua ya hamira. Mara nyingine muhogo huo huliwa kwa mbaazi za nazi, na nikizionja nikiwa nimefumba macho, siwezi kuzitenga na zetu.