Kafala: maana ya kumkafili yatima

Mtajie neno kafili dada aliyefanya kazi za ndani Riyadh, na atakayemkumbuka ni tajiri aliyemdhamini viza. Litaje neno hilohilo msikitini Mombasa au Unguja, na watu watamfikiria mwenye kumtunza yatima. Asili ni moja: kwa Kiarabu, kukafili ni kuubeba mzigo wa mwingine na kumdhamini. Qurani, katika sura ya Aal Imran, imelitumia kwa Nabii Zakaria alipopewa ulezi wa Maryam. Kafala ninayoieleza hapa ni hii ya yatima.

Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla hajabaleghe. Maana yake, yatima wengi wana mama. UNICEF nao humhesabu yatima hata aliyepoteza mzazi mmoja tu. Mwaka 2015 walikadiria yatima karibu milioni 140 duniani, na kati yao waliofiwa na baba na mama walikuwa milioni 15.1. Hebu zitazame hesabu hizo kwa utulivu. Wengi wa watoto hawa hawajakosa mtu wa kuwalea. Aliyeelemewa ni huyo anayewalea, kwa unga, kodi ya nyumba na karo.

Kafala ina namna mbili. Ya kwanza ni kumchukua mtoto ukaishi naye nyumbani kwako. Hapa ndipo inapotofautiana na kuasili: mtoto anabaki na jina la baba yake, kwa amri iliyomo katika sura ya Al-Ahzab, na hakurithi kama mwanao wa kumzaa, ingawa unaweza kumuusia sehemu ya mali isiyozidi theluthi. Hawi maharimu wako pia, yaani mtu ambaye ndoa kati yenu ni haramu daima, isipokuwa kama kuna udugu wa damu unaozuia ndoa, au alinyonyeshwa katika nyumba hiyo angali mchanga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na Kenya imeiingiza katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022.

Namna ya pili ndiyo iliyo mikononi mwa wengi wetu: mtoto anabaki kwa mama, bibi au shangazi yake, nawe unatoa matumizi kila mwezi. Na hapa panahitaji busara kuliko watu wanavyodhani.

Chukua bibi anayeuza vitumbua Likoni na kulea wajukuu wanne, ambao wawili tu ni yatima. Ukimlipia mmoja wao karo, viatu na begi jipya, wenzake wakatazama, umeleta kijicho ndani ya nyumba iliyokuwa na amani. Chungu ni kimoja. Anayetaka kumkafili yule mtoto amwangalie na bibi: pengine kinachohitajika ni mtaji wa unga na mafuta, au kulipa deni la duka, ili mikono inayomlea isichoke. Mimi naona hiyo ndiyo kafala iliyokamilika, hata kama kwenye daftari la shirika limeandikwa jina la mtoto mmoja.

Jambo la pili ni kudumu. Kiasi kidogo kinachofika kila mwezi humwezesha mama kupanga. Fungu kubwa la Ramadhani likifuatiwa na miezi kumi na mmoja ya ukimya humrudisha kwenye kukopa. Inaniuma pia kuona watoto wamepangwa mstari na mifuko ya mchele wapigwe picha. Mtoto huyo ana wenzake darasani, na picha ile wataiona.

Je, zaka inafaa? Uyatima peke yake haumo katika mafungu manane ya wanaostahiki. Yatima hupewa kwa ufukara au umaskini wake, na aliyeachiwa mali ya kumtosha hapewi. Sadaka haina sharti hilo. Wapo pia wanaoweka wakfu, kwa mfano kodi ya chumba cha duka iende kwa yatima mwaka baada ya mwaka, hata baada ya mtoaji kufariki.

Na mwisho wake ni lini? Jina la yatima humtoka mtoto anapobaleghe, lakini sura ya An-Nisaa inaagiza mali yake asikabidhiwe mpaka aonekane amepevuka akili. Kijana wa kidato cha pili aliyebaleghe bado hana uwezo wa kujilipia karo. Kwa hiyo kabla ya kutuma shilingi ya kwanza, kaa na mama yake mkubaliane: mtafika naye mpaka kidato cha nne, au mpaka apate ufundi wa kumlisha?